Chapuo cha Sekunde Thelathini

Kama kuna mtu mji huu anayeweza kupuliza filimbi bila filimbi, ni mimi. Natumia vidole viwili na pengo la jino nililolipoteza kwenye mpira wa chandimu mtaani, na sauti inayotoka hapo huwezi kuitofautisha na ya refa. Kipaji hiki sikukiomba. Lakini nimeshapewa, sasa nikiache kioze?

Basi siku ile nilikuwa nimekaa juu ya ukuta uliobomoka nusu, ule unaozunguka kiwanja chetu cha mpira wa kikapu. Kiwanja chenyewe zamani kilikuwa sakafu ya kuanikia mbata, na mpaka leo ukianguka pale jua likiwa kali unanuka nazi hadi kesho yake. Pete za magoli alitutengenezea fundi chuma kwa mikanda ya pipa. Nyavu walitufumia wavuvi wa Mlingotini kwa mabaki ya jarife, kwa hiyo kwetu sisi mpira haufungwi, unavuliwa.

Chini yangu kidato cha tatu kilikuwa kinacheza na cha nne, na Mwalimu ndiye anayechezesha. Nikamwona mmoja kamshika mwenzake shati kwa nyuma. Nikapuliza. Wote wakasimama. Mwalimu naye akasimama, filimbi yake ikiwa bado njiani kuelekea mdomoni. Watu wakacheka. Punde nikamwona mwingine anatembea na mpira mikononi kama anayepeleka tikiti maji sokoni. Nikapuliza tena, wakasimama tena.

Mara ya tatu Mwalimu hakuwatazama wachezaji. Aligeuka akanitazama mimi.

"Shuka."

Nikashuka. Nimweleze kidogo kabla sijafika chini. Mwalimu anatufundisha Jiografia. Ni mfupi, na miguu yake ina matege kiasi kwamba mpira unaweza kupita katikati bila kupiga hodi. Tulimpa jina la utani kwa sababu ya miguu hiyo, ila siliandiki hapa. Bado nina mwaka mzima shuleni. Hajawahi kuucheza mpira wa kikapu hata siku moja. Aliusoma kwenye kijitabu cha sheria alipokuwa chuo cha ualimu, na akaupenda kwa kuusoma tu, kama watu wa zamani walivyokuwa wakiposa mwanamke wasiyemwona.

Nilipofika chini nilishaanza kujikaza makalio kwa ajili ya fimbo.

"Umepuliza mara tatu," alisema. "Ngapi zilikuwa za kweli?"

"Zote, Mwalimu."

"Zote," alikubali. "Na zote kabla yangu. Wewe ndiye unayewachekesha wenzio kwenye kipindi changu?"

"Si kila siku, Mwalimu."

"Kila siku. Nakusikiliza. Mzaha wako hujawahi kuutoa mapema, wala hujawahi kuuchelewesha. Ukiutoa mapema hausikiki. Ukiuchelewesha hawacheki. Sivyo?"

Sijawahi kusikia mwalimu akizungumzia mizaha yangu kwa sauti ile ile anayozungumzia mvua za vuli. Wenzangu nao walikuwa wameacha kucheka, wanangoja fimbo.

Akatia mkono mfukoni akatoa saa, ile ya mviringo ambayo unabonyeza kichwa inaanza na unabonyeza tena inasimama.

"Shika. Kuanzia leo unakaa mezani."

Hivyo ndivyo nilivyopewa sekunde thelathini za Bagamoyo.

Kwa asiyejua, mpira wa kikapu usio na sekunde thelathini ni shughuli isiyo na pilau. Timu ikishatangulia kwa goli moja haina haja tena ya kucheza. Inapasiana mpira tu, wewe nipe, mimi nikupe. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na mechi ambayo waliotangulia walipasiana mpaka mwadhini akaadhini, wapinzani wakaenda kutawadha na kuswali, wakarudi wakaukuta mpira uko pale pale. Ndipo Mwalimu akasema basi. Sheria imo kitabuni, na itafuatwa hapa kama inavyofuatwa kokote duniani: timu ikiupata mpira ina sekunde thelathini iwe imerusha kikapuni. Isiporusha, inanyang'anywa, wanapewa wenzao.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo shule nzima tulilijua ingawa yeye hakulisema. Mwalimu alikuwa anataka beji. Ukiwa na beji ya uamuzi unaitwa kuchezesha mashindano ya shule kule Dar es Salaam, kwenye viwanja vyenye taa na majukwaa. Upande wetu huu hakuna aliyewahi kuipata. Alikuwa ameomba, na amejibiwa kwamba mkaguzi atakuja mwenyewe kumtazama akichezesha mechi moja ya kweli, na sheria zote ziwepo, hata hiyo ya sekunde. Mechi moja, basi. Akishindwa, asubiri wamkumbuke tena, na wewe unajua watu wa mjini wanavyokumbuka.

Taabu ilikuwa namna ya kuwajulisha wachezaji. Saa ninayo mimi mkononi. Wao watajuaje kwamba muda unakwisha? Kwanza tulijaribu bendera. Nani anacheza mpira huku akitazama bendera? Tukajaribu kengele ya shule. Ilipogongwa, darasa la chini yetu lote likatoka mbio likidhani ni wakati wa chakula, na mpishi akawafukuza kwa upawa. Mimi nilipendekeza nipulize kwa pengo langu. Mwalimu akasema hapana, filimbi uwanjani ni moja.

Mwishowe aliyeleta jibu ni mwenzangu mmoja wa kidato cha pili. Huyu ni mtoto wa ukoo wa wapiga ngoma. Hakuna harusi ya mji huu iliyochezwa bila babu yake au baba yake. Yeye mwenyewe ni mkimya, ukimsalimu anafikiri kwanza. Alikuja na chapuo, ngoma yake ndogo ya kuweka mapajani, akakaa karibu yangu mezani bila kuambiwa.

Tukapatana hivi. Mpira ukishikwa, nabonyeza saa. Sekunde ya ishirini ikifika, namgusa goti. Hapo anaanza kupiga, pigo moja kwa sekunde moja, mapigo kumi, na la kumi analipiga kwa kiganja chote mpaka lisikike gengeni. Likilia hilo, na mpira haujaondoka mikononi, Mwalimu anapuliza.

Wallahi ilikuwa nzuri. Jioni za mazoezi, kiwanja kitupu, wachezaji wanakimbia na pekupeku zao, na chapuo kinahesabu: ti, ti, ti. Hata mchezaji mzito wa kichwa alijua amebakiwa na nini. Nilikuwa nikilinganisha na saa na pigo la kumi linaangukia pale pale kwenye mstari. Mkono wa mtoto yule ungeweza kuuzwa duka la saa.

Lakini niliyekuwa nikimtazama zaidi ni Mwalimu. Nilikuwa nimepanga kumtazama ili nipate vichekesho vipya, na vichekesho nilivipata: anavyokimbia kinyumenyume na yale matege, unadhani kaa anarudi shimoni. Ila nilipomwigiza bwenini, watu wakacheka, mimi nikajikuta nimeanza kuona kingine. Hakuwa akipiga kelele hata siku moja. Akipuliza, mkono wake unasema kilichotokea kabla hujauliza. Na mkono wa pili, ule usio na kazi, kidole chake cha shahada kilikuwa kinagonga paja. Taratibu, bila kukoma. Anahesabu.

Alihesabu kila mahali. Siku moja nilimkuta njiani, anatoka sokoni na kikapu cha mihogo.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Kimya. Anatembea, ananitazama kwa macho ya upole, kidole kinagonga paja. Nikarudi nyuma hatua mbili nione kama kapagawa. Tukaendelea kutazamana. Baada ya muda wa kutosha mtu kumenya ndizi akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alikuwa ameanza hesabu kabla sijamsalimu na hakutaka kuikatisha. Wazee wa mtaani walianza kunung'unika kwamba mwalimu huyu kaingiwa na kiburi, salamu yake inabidi uilipie kodi ya kungoja. Mama mmoja muuza kashata, ambaye ndiye anayeongoza vigelegele kwenye shughuli zote za mji, yeye alisema si kiburi, ni mapenzi. Mwanamume akichelewa kuitikia salamu ujue kuna mtu anamfikiria. Kwa namna fulani alikuwa sahihi.

Siku ya mechi ikafika. Wageni wetu walikuwa vijana wa shule moja ya upande wa Chalinze, wameletwa na lori, wakashuka wamejaa vumbi jekundu mpaka kope. Warefu! Nahodha wao alikuwa mrefu kiasi kwamba alipoinama kunawa bombani ilichukua muda. Nikamuuliza, "Kaka, huko juu kunanyesha?" Akanitazama akasema, "Huku hakunyeshi. Huko chini ndiko kunakonuka nazi." Nikampenda papo hapo.

Mkaguzi alikuja kwa Landrover. Kavaa kaunda suti ya kijivu, na mkononi ana saa ya kubonyeza kama yangu, ila yake inang'aa. Tukampa kiti, akakikataa. Akasimama upande wa pili wa uwanja, peke yake. Hakucheka hata nilipojikwaa makusudi.

Na mji ukaja. Sijui nani alitangaza. Walijaa ukutani, walijaa chini, vijana wamevaa suruali za bugaluu zinazofagia sakafu, akina mama na makanga yao, na muuza kashata mbele kabisa na sinia lake. Mwalimu alikuwa amevaa fulana nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakatika. Upande wa kushoto wa kifua, pale beji inapokaa, palikuwa patupu, na mimi niliona anapagusa mara moja.

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama tulivyozoea. Watu walikuwa bado wanajifunza, wanaulizana, "Hiki chapuo cha nini?" na wengine wanawajibu, "Kinawahesabia." Pigo la kumi lilianguka mahali pake kila mara. Mkaguzi alikuwa akitazama saa yake, kisha Mwalimu, kisha saa yake. Tulikwenda mapumziko tumeachana goli moja tu.

Kumbe kosa lilikuwa limekaa pale pale mbele yetu, linakula kashata.

Kipindi cha pili wageni walipochukua mpira, nikamgusa mwenzangu goti, akaanza: ti, ti. Mama muuza kashata akaweka sinia chini, akaanza kupiga makofi. Wa pembeni yake wakaitikia. Ukuta wote ukaitikia. Nani atawalaumu? Mtu wa pwani akisikia ngoma hawezi kukaa kama gunia la chumvi. Kisha wakaingiza maneno: "Moja hiyo! Mbili hiyo! Weka chini! Weka chini!" Vigelegele. Makofi yakapanda, na ngoma, kama ngoma yoyote yenye adabu, ikapanda nayo.

Pigo la kumi likalia. Mwalimu akapuliza, wageni wakanyang'anywa. Mji ukalipuka.

Nikabonyeza saa, nikaitazama. Ilikuwa imesimama kwenye sekunde ya ishirini na saba.

Nikadhani nimechelewa kubonyeza. Mpira ukaenda kwetu. Sasa watu wakanyamaza maana wana hofu na vijana wao, na chapuo kikahesabu vizuri kabisa, thelathini kamili. Ukarudi kwa wageni, na makofi yakarudi. Ti-ti-ti-ti! Mwalimu akapuliza. Saa ikasema ishirini na sita.

"Punguza!" nikamnong'oneza mwenzangu.

"Siwezi," alisema, jasho linamtoka. "Wameshaipandisha."

"Hizi ni sekunde, si harusi!"

"Ngoma haipigiwi ukuta, inapigiwa watu. Nikiwaacha waende peke yao nitaonekana sijui kupiga."

"Basi onekana hujui!"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. Hapo mama mmoja akaja mbio akamfunga kanga shingoni, kumtunza kwa upigaji wake, na mimi nikaona hapa sina changu. Nikajaribu kumwita Mwalimu, nikapunga mkono, nikapunga wote miwili. Wenzangu walioko ukutani wakaanza kucheka na kunipungia nao. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mchekeshaji: ukizama majini watu wanakupigia makofi.

Nahodha wa wageni alipita karibu na Mwalimu akasema kwa heshima, lakini kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, samahani, sekunde za Bagamoyo ni fupi."

Nikakitazama kidole cha Mwalimu. Tangu kipindi cha pili kianze kilikuwa kimenyamaza, kimekiachia chapuo kazi. Sasa kikaanza tena kugonga paja.

Ikabaki kama dakika moja. Sisi tuko mbele kwa pointi moja, mpira ni wa wageni. Nikagusa goti. Chapuo kikaanza, na mji mzima ukawa juu yake kabla hata ya pigo la tatu. Makofi, vigelegele, mabati ya paa la jirani yanagongwa. Mapigo yalikimbizana kama mbuzi waliofunguliwa. La kumi likalia paa! Watu wakaruka juu. Wachezaji wetu wakainua mikono, wakaacha kukaba.

Filimbi haikulia.

Nahodha wa wageni alikuwa na mpira. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu anamtazama yeye, filimbi mdomoni, kidole kinagonga. Yule kijana akaelewa kabla yetu sote. Akaruka, akarusha, na mpira ukazama kwenye wavu wa Mlingotini. Mpira ulipoachana na vidole vyake, mimi nilibonyeza saa.

Halafu kelele ambazo sijapata kuzisikia.

"Muda! Muda umekwisha!"

"Refa, huna masikio?"

"Ametuuza! Kashaiona beji, ametuuza kwa mkaguzi!"

Mwalimu akapuliza kusimamisha mchezo, akaja mezani. Hakukimbia. Nahodha wetu alikuwa ameshafika, amenisimamia nyuma, mdomo sikioni kwangu. "Sema thelathini na mbili," ananiambia. "Sema, we mchekeshaji, leo tuchekeshe."

Mwalimu akasimama mbele yangu. Nyuma yake mkaguzi naye ameshavuka uwanja, saa yake mkononi, lakini Mwalimu hakugeuka kumwuliza. Aliniuliza mimi.

"Saa yako inasema nini?"

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta, haukuwepo. Nikamgeuzia saa aione mwenyewe, lakini hakuitazama. Alinitazama usoni, anangoja jibu.

"Ishirini na nane, Mwalimu."

"Asante."

Akainua vidole viwili juu. Goli halali. Pointi mbili za wageni.

Nadhani angeishia hapo beji ingekuwa yake bila maneno. Badala yake aliwaita manahodha wote wawili, na mkaguzi yuko pale anasikia, akasema kwa sauti yake ile ya vuli na masika:

"Kipindi hiki nimewanyang'anya wageni mpira mara mbili kabla ya wakati. Nilisikiliza ngoma, sikuhesabu. Kosa ni langu, si la mpigaji. Siwezi kuwarudishia, mchezo haurudi nyuma. Lakini mjue kwamba nimejua."

Nahodha wa wageni akakubali kwa kichwa. Wa kwetu akatema mate pembeni. Uso wa mkaguzi ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Kisha Mwalimu akaenda mpaka kwa muuza kashata, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama, lakini kwa ncha ya ulimi. "Umetuumiza, Mwalimu."

"Mama, naomba msaada wako. Kile chapuo ni saa."

"Saa?"

"Ni saa. Mkikiitikia kinakimbia."

Mama akafikiri. "Mwalimu, ngoma isiyoitikiwa ni ngoma hiyo?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Mimi hawatanisikia."

Mama akajitanda kanga vizuri, akasimama juu ya boksi la mtu, akawageukia watu wote. "Jamani! Nyamazeni! Ngoma hii inahesabu! Atakayepiga kofi, shughuli ya mwanawe siendi!"

Nilijua mji huu una mamlaka nyingi, lakini siku hiyo nikajua ipi ni ya kwanza.

Mpira ukawa wetu. Tuko nyuma kwa pointi moja. Wakaanza kupasiana, na hakuna aliyepumua. Unasikia mpira unadunda, unasikia nyayo zinakwaruza sakafu, unasikia hata kuku wa jirani. Nikamgusa mwenzangu goti. Akaivua ile kanga shingoni, akaiweka mezani, akaanza kupiga peke yake.

Ti.

Sijui niwaelezeje. Watu wote wale, na mkono mmoja tu unaosikika. Ti. Vijana wetu walikuwa wamezoea kelele kuwaambia lini warushe. Sasa wameachwa na nafsi zao. Ti. Nahodha wetu akaupata mpira mahali pazuri, akainua mikono, akasita. Ti. Akampa mwingine. Mwingine akamrudishia. Mimi macho yako kwenye saa, masikio kwenye chapuo, na kwa pembe ya jicho nakiona kidole kwenye paja, na vitatu hivyo, mshale, ngoma na kidole, vinakwenda pamoja kama watu watatu walioshikana mikono.

Pigo la kumi. Mpira bado uko mikononi mwa nahodha wetu.

Mwalimu akapuliza, dhidi yetu.

Hakuna aliyezomea. Hakukuwa na kitu cha kuzomea. Kila mmoja alikuwa amezisikia zote kumi. Wageni wakachukua mpira, wakamaliza dakika yao, tukafungwa kwa pointi moja. Nahodha wao alipokuwa anapanda lori alinipungia akasema, "Zimerefuka!" Nikamwambia akalinde kichwa, madaraja ya njiani ni ya chini. Barabara ile haina daraja la juu hata moja, lakini aliinama.

Mkaguzi alimkuta Mwalimu pale mezani, anaisaidia ngoma kurudi kwenye mfuko wake. Mwenzangu alikuwa amejikunja. Mwalimu alimwambia tu, "La mwisho lile lilikuwa zuri," na mtoto akanyanyua uso.

"Umekosea mara mbili," mkaguzi akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nimehesabu tatu."

Hapo ningekuwa mimi ningezimia, au ningemwambia aangalie saa yake isije ikawa ya kichina. Mwalimu alimgeukia kwa uso wa mtu aliyeambiwa amebakishiwa kipande cha nyama.

"Ya tatu ipi?"

"Kipindi cha kwanza, chini ya goli lile. Mshambuliaji alikanyaga mstari. Hukuona, maana ulisimama nyuma ya mchezaji mrefu kuliko wewe."

Mwalimu alifikiri kwa makini. "Ndugu mkaguzi," alisema, "wote ni warefu kuliko mimi."

Ukuta wa chokaa ukapasuka. Yule bwana alicheka mpaka akashika meza, na mimi nilibaki nimeduwaa, kwa sababu mzaha ule ulitoka mahali pake hasa, si mapema wala si nyuma, na mtu mwenyewe hakujua kama ametania. Halafu wakaenda wote wawili chini ya goli, mkaguzi anamwonyesha pa kusimama, Mwalimu anauliza tena na tena, anapima kwa nyayo, na dereva wa Landrover alipiga honi mara mbili bila kusikilizwa.

Mwishowe mkaguzi alipopanda gari alisema kupitia dirishani, "Beji utaipata. Ila kule hakuna chapuo. Kuna kengele ya umeme."

Haikuwa rahisi mjini wiki zile. Muuza samaki alimwekea Mwalimu mikia mitupu, na kuna wazee ambao sasa wao ndio waliochelewa kuitikia salamu yake. Mama muuza kashata ndiye aliyewatuliza. Alikuwa akisema gengeni kwamba kufungwa tumefungwa, lakini ameshasikia ngoma nyingi na hajapata kusikia ngoma iliyonyamaziwa na mji mzima ikapendeza vile. Beji ilipokuja, mkewe Mwalimu aliishona kwenye fulana ikakaa upande kidogo. Sikusema kitu. Nilijisifu kwa hilo siku nzima.

Alikwenda Dar es Salaam kuchezesha, akarudi. Nilimkuta njiani, barabara ile ile ya sokoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikangoja. Nilishazoea. Kidole kikamaliza safari yake.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Kengele ya umeme ikoje, Mwalimu?"

"Nzuri sana. Inalia mpaka moyo unaruka." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Umeme ulikatika kipindi cha pili."

"Sasa? Mechi ikavunjika?"

Aligonga paja lake kwa kidole, mara mbili tu, akaendelea na njia yake, matege yake yanapishana na mihogo inaning'inia.

Nilikuwa na mzaha mzuri wa kumtupia mgongoni, juu ya kaa na umeme. Niliushika ulimini, nikauhesabia, nikangoja wakati wake ufike. Mwalimu akakata kona na mimi bado nangoja.